Jembe la Siku ya Tatu

Methali iliyozoeleka mno huacha kusikilizwa. Hakuna mtoto wa pwani ambaye hakuisikia ile isemayo kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na aghalabu husemwa kwa tabasamu, kumkumbusha mgeni aliyekaa na kukaa kwamba chakula cha nyumba hakishuki kutoka mbinguni. Walakin ndani ya mzaha huo mna swali ambalo wenye kuitumia methali hawajalijibu. Huyo mgeni, siku ya tatu anapopokea jembe, huwa nani? Je, jembe linamtoa katika ugeni na kumwingiza katika nyumba, akawa mmoja wa watu wake, au linamtoa katika ugeni na kumtia kazini tu? Na akitokea mtu ambaye hakupewa hata zile siku mbili, aliyekabidhiwa jembe alfajiri ya kwanza, na jua la mwisho la mavuno lilipotua akaambiwa safari njema, mtu huyo ahesabiwe katika fungu gani la watu?

Mtu wa namna hiyo hakosekani duniani, na hapana haja ya kuanza kumtafuta mbali. Yuko Mngeta.

Mngeta ni eneo la bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, kusini-magharibi ya mji wa Ifakara. Upande mmoja huinuka milima ya Udzungwa. Upande wa pili hutandaa tambarare ambayo mito huifurikia wakati wa masika na kuiachia rutuba inayoupendeza mpunga. Reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya 1970 na 1975, hupita katika bonde hilo ikielekea Mlimba na kupanda nyanda za juu. Wandamba, Wapogoro, Wambunga, Wabena na Wahehe huhesabiwa miongoni mwa wakaazi wa tangu zamani. Baada ya hao wamekuja wengine wengi, Wasukuma na mifugo yao wakiwemo, hata imekuwa si jambo jepesi kusema ni nani katika bonde hilo ambaye ukoo wake haukufika na mzigo kichwani.

Mpunga ni mmea wenye haraka. Mvua zikianza kukaza kuelekea mwisho wa mwaka, ardhi inataka kulimwa. Mbegu ikiota, magugu huota nayo, na yasipopaliliwa katika wiki zake, hapana faida ya kuyapalilia tena. Punje zikianza kutia maziwa, kwelea-kwelea hushuka kwa makundi, na mtu hana budi kuamia tangu asubuhi mpaka magharibi. Na ukikomaa, usipokatwa hupukutika. Nyumba moja haina mikono ya kutosha kwa siku hizo chache, ndipo ikaitwa mikono ya nje. Vijana hushuka kutoka nyanda za juu za Iringa na Njombe, wengine huja kutoka Mbeya, wengine ni watu wa kijiji cha pili tu ambao mwaka huo hawakupata shamba. Hupewa ngwe au ekari, hukubaliana bei, na kazi ikianza hulala hukohuko shambani, katika kibanda au juu ya dungu, katikati ya mbu. Si bure kwamba Ifakara imekuwa mojawapo ya vituo vikubwa vya utafiti wa malaria barani Afrika, na kwamba watafiti wake wamewafuatilia kwa miaka mingi wale wanaohamia mashambani msimu wa kilimo.

Msimu ukimalizika, mtu huyo hulipwa, huondoka, na aghalabu jina lake huondoka naye. Mwaka unaofuata atakuja mwengine, au yeye mwenyewe, na hapana atakayeona tofauti kubwa. Hapa ndipo penye mas-ala ya kufikiriwa. Je, inawezekana kukodi mikono ya mtu bila ya kumpokea mtu mwenyewe? Na kama inawezekana, je, ni halali ya nafsi, hata pale ujira unapolipwa kwa ukamilifu?

Lugha yenyewe imehifadhi ushahidi katika kesi hii. Neno kibarua ni barua iliyofanywa ndogo: ni kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili akirudishe wakati wa kupokea ujira wake. Kwa miaka mingi jina la karatasi likamhamia mwenye kuishika, hata leo mtu husema kuwa yeye ni kibarua bila ya kuhisi kwamba amejiita stakabadhi. Neno manamba ni la ukoo huohuo. Wenye mashamba ya mkonge wa Tanganyika waliunda mwaka 1944 idara yao ya kuandikisha watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU, nayo ikawakusanya wafanyakazi kutoka Ungoni, Ufipa na kwengineko, hata nje ya mipaka, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Mtu aliyetoka kwao na jina la baba na babu alifika katika kambi za mkonge akiwa na namba. Alipewa kipande chenye siku 30 za kutiwa alama, na siku ambayo kazi haikutimia haikutiwa alama, kama kwamba jua halikuchomoza. Waliomwita manamba hawakuwa wazungu wenye mashamba peke yao. Jirani zake Waafrika walimwita hivyo pia, na kwa dharau. Ni ajabu ndogo ya kuangaliwa hii: kwamba lugha moja, mara mbili, ilipotaka kumpa jina mtu aliyekodiwa, haikutazama uso wake wala kabila lake wala hata zana aliyoishika. Ilitazama karatasi.

Kuna neno la tatu, nalo ni zuri zaidi na kwa hivyo ni gumu zaidi. Kuchuma ni kulitoa tunda mtini. Kuchuma pia ni kupata mali. Aliyechuma ndiye aliyepata, na chumo ni faida. Waliolifuma neno hili bila shaka walimwona mtu mmoja, ambaye mkono wake unalifikia tunda na mfuko wake unaipokea thamani yake. Methali isemayo mchumia juani hulia kivulini imesimama juu ya dhana hiyohiyo, kwamba wa juani na wa kivulini ni mmoja, wametenganishwa na wakati tu. Kazi ya msimu ndiyo inayolipasua neno hili katikati. Mmoja anachuma kwa maana ya kwanza, mwengine anachuma kwa maana ya pili, na methali inabaki haijui imsifu nani.

Visiwani jambo hili halina ugeni, kwa kuwa karafuu haikuwahi kuchumwa na mikono ya mwenye shamba peke yake. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 ilichumwa na watumwa. Kimbunga cha Aprili 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha kwa kiasi kikubwa ile ya Pemba, Pemba ikawa ndiyo nchi ya karafuu. Na utumwa ulipovuliwa sura yake ya kisheria mwaka 1897, mti ule mrefu ukawa bado unangoja kupandwa, na karafuu haimngoji mtu. Isipochumwa kabla ya kuchanua, thamani yake imekwenda. Ndipo wakavuka bahari Wahadimu na Watumbatu kutoka Unguja, wakaja na watu wa bara, Wanyamwezi na wengineo, wakapanda, wakashuka na makapu, wakachambua makonyo, wakapimiwa kwa pishi. Wapo walioanguka mtini. Wapo waliorudi kwao na kanga za wake zao, na wapo ambao hawakurudi.

Watu wa mwambao walikuwa na neno kwa ajili ya makaazi ya namna hii, nalo ni dago. Mvuvi anayefuata samaki katika maji ya watu hupiga dago. Mchumaji anayefuata msimu wa karafuu hupiga dago. Dago si nyumba, kwa kuwa hujengwa ili livunjwe. Lakini si nyika vilevile. Mwenye dago hutarajiwa ajitambulishe kwa wenyeji, ajulikane katoka wapi na kaja na nani, achote maji ya kisima kile kwa ruhusa na asali katika msikiti uleule. Akifika mwaka wa pili, huulizwa khabari za mtoto aliyemwacha mgonjwa mwaka wa kwanza. Hii ni ada, haikuandikwa popote, na haitoshi kumfanya mtu asidhulumiwe. Kipimo kilikuwa na ugomvi wake, kama kipimo chochote kinachoshikwa na mkono wa mlipaji. Tena historia ya visiwa imeonesha namna ada ile inavyoweza kuvunjika mara moja: baada ya uchaguzi wa 1957, siasa ilipouliza kwa ukali nani mwenyeji na nani mgeni, watu wa asili ya bara waliokuwa wamekaa miaka katika mashamba, wakilima chini ya mikarafuu ya watu na kuisafisha, walijikuta wakifukuzwa humo. Siku zile mbili za methali zilikuwa zimekwisha zamani, na hata jembe la siku ya tatu lilikuwa limekwisha mpini. Bado waliitwa wageni.

Kwa hiyo asije mtu akaufanya wema wa zamani kuwa dawa. Yuko atakayesimama na kusema, tena kwa haki, kwamba ukaribu ni mtego. Kibarua ni mtu huru kwa sababu ya kile kikaratasi. Mtumwa alikuwa na nyumba, alikuwa hata na jina lililotolewa na bwana wake, na mara nyengine aliitwa mtoto wa nyumba hiyo. Alichokosa ni siku ya kulipwa na njia ya kuondokea. Mtu aliyekabidhiwa ujira wake hadaiwi shukrani. Anaweza kuupinda mgongo wake na kwenda zake, bila ya kuaga, bila ya kubusu mkono wa mtu. Kijana wa Njombe anayeshuka bondeni pengine hataki kabisa kuwa mtu wa Mngeta. Anataka fedha za mabati, au za karo, au za mahari, kisha arudi kwenye baridi yake. Anayemlazimisha kuwa ndugu humfanyia kazi ya ziada juu ya ile ya mpunga.

Hoja hii ni nzito na haifai kurukwa. Bonde lenyewe linalijua lile lililokuwako pahala pasipokuwa na ujira wa haki. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi kwa watu kung'oa miche ya pamba, ile pamba waliyolazimishwa kuilima na kuichuma kwa malipo yasiyokuwa malipo. Na haukupita hata mwezi wa Agosti ila moto ule ulikuwa umekwisha fika Kilombero, na boma la Mahenge likashambuliwa. Kwa kulinganisha na pamba ile, kikaratasi cha kutwa ni neema. Na mafundisho ya dini yanayojulikana na kila mwenye kuswali yanaanzia hapohapo: mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hayakuanza kwa kusema apendwe, wala akaribishwe chai. Yalianza na ujira, na wakati wa kuutoa.

Ni kweli, basi, kwamba ujira ni wajibu wa kwanza, na anayezungumzia utu kabla ya kulipa anastahili kutiliwa shaka. Mfano wa jambo hili uko katika misitu ya kaskazini ya Ulaya. Nchini Finland na Sweden, mila ya kale yenye nguvu ya sheria humruhusu mtu yeyote kuingia msituni na kuchuma matunda madogo ya porini, hata kama msitu una mwenyewe. Ni mila ya ukarimu, inayostahili kusifiwa. Lakini kwa miaka mingi kampuni za matunda zimewaleta watu kutoka vijiji vya Thailand, maelfu kila kiangazi, na nchini Finland watu hao waliingia kwa viza za wageni, si za wafanyakazi. Kwa kuwa kila mtu ana haki ya kuchuma, ilisemwa kuwa nao wanajichumia wenyewe na kuuza walichopata. Wakalipa nauli zao kwa mikopo, wakatozwa malazi na usafiri, na mwaka wa matunda haba mtu aliweza kurudi kwao na deni. Katika miaka ya 2020 mashauri yalifikishwa mahakamani kwa jina la biashara haramu ya binadamu. Hapa neno mgeni ndilo lililotumika kumnyima mtu ujira. Alikaribishwa sana, hata pakawa hapana mwajiri.

Kwa hivyo kuna maovu mawili yanayotazamana. Liko la kumlipa mtu na kutomwona, na liko la kumwita mgeni na kutomlipa. Wenye tabia ya kwanza hujisifu kwa uwazi wao wa hesabu, na wa pili hujisifu kwa moyo wao. Mngeta imewahi kuyaonja yote mawili, na juu yake ikaongezwa la tatu ambalo methali haikulitazamia hata kidogo: kwamba mgeni ndiye ashike mpini na mwenyeji ndiye apewe jembe.

Katika miaka ya 1980 lilifunguliwa Mngeta shamba kubwa la mpunga la ubia baina ya Tanzania na Korea ya Kaskazini, kwa jina la KOTACO. Ubia ule ulivunjika mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wakorea wakaondoka, na ardhi ikabaki mikononi mwa RUBADA, mamlaka ya bonde la Rufiji iliyoundwa 1975 na kuvunjwa 2017. Ardhi nzuri haikai bure. Watu waliingia, wakalima, wakazaa. Mwaka 2008 hekta 5,818 za shamba hilo zikaingia katika mkono wa kampuni mpya, Kilombero Plantations Limited, yenye mitaji kutoka Ulaya na kwengineko, na wale waliokuwa wakilima ndani ya mipaka wakatakiwa wapishe. Palikuwa na fidia, na palikuwa na malalamiko juu ya fidia, yaliyoandikwa na kujibiwa kwa miaka. Kampuni ilileta mashine, ilileta mbinu za kilimo cha mpunga kwa wakulima wadogo wa jirani, na wapo waliofaidika nazo. Wapo pia walioingia katika mikopo ya pembejeo iliyowaelemea. Mwaka 2019 kampuni yenyewe ikashindwa na madeni yake na kuwekwa chini ya msimamizi wa wadai.

Ubaya na uzuri wa mradi ule umekwisha andikiwa mengi, na si hapa pa kuyarudia. Linalohusu hapa ni jambo moja dogo. Mtu aliyekuwa amelima pale tangu Wakorea walipoondoka aliitwa mvamizi, na aliyefika kwa ndege akaitwa mwekezaji. Yule wa kwanza, msimu ulipofika, aliweza kurudi katika ardhi ileile, safari hii kwa mlango wa vibarua. Akawa mgeni wa msimu mahali alipopanda minazi yake mwenyewe. Anayedhani kuwa ugeni ni suala la umbali aliotembea mtu na azingatie hilo.

Ugeni, basi, haupimwi kwa maili wala kwa pasipoti. Na achukuliwe mfano wa kubuni. Kijana amekuja kupalilia ekari mbili. Amemaliza moja na kulipwa moja, kwa hivyo hadai wala hadaiwi. Usiku wa pili wa ekari ya pili anashikwa na homa juu ya dungu. Mwenye shamba yuko kijijini, mwendo wa saa mbili. Wenziwe wamelala, nao wana ngwe zao za kumaliza kesho. Nani ana wajibu wa kuamka? Kwa mujibu wa hesabu, hapana hata mmoja. Mwenye shamba alinunua kupalilia, hakununua homa. Na hapo ndipo inapopatikana maana ya neno: mgeni ni yule ambaye akiugua usiku, hapana mtu mwenye wajibu wa kuamka. Akiwapo wa kuamka, basi hata kama alifika jana, si mgeni tena. Asipokuwapo, hata kama ana miaka 30 katika nchi ile, ni mgeni.

Hesabu ile ina kosa, na kosa lake laonekana mara mtu anapouliza homa imetoka wapi. Haikutoka Njombe. Kijana alilala bondeni kwa sababu mpunga ulimtaka awe bondeni. Kulala kule kulikuwa sehemu ya kazi, ijapokuwa hakukutajwa katika bei. Ekari ililipiwa, lakini ekari haikupaliliwa na mikono iliyokuja peke yake. Ilipaliliwa na mwili mzima, pamoja na damu yake yenye kuumwa na mbu na tumbo lake na hofu zake za usiku. Mikono haiwezi kusafiri bila ya mtu. Huu ndio ukweli ambao mkataba wa msimu hujaribu kuuzunguka, na kila ukiuzunguka humkuta mgonjwa mlangoni. Aliyemwita mtu kutoka kwao amekwisha kula ahadi, atake asitake, kwamba mtu huyo atarudi kwao. Ahadi hiyo haimo katika ujira, wala ujira ukiwa mkubwa hauilipi.

Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wake unawahusu waajiri kwa jumla. Ni jambo jema. Lakini mapatano ya ekari mbili, yaliyofanywa kwa mdomo chini ya mwembe baina ya watu wawili ambao wote ni maskini, aghalabu hayafiki huko. Na ni makosa kudhani kuwa dhulma ni ya matajiri peke yao. Mkulima mdogo wa bondeni, ambaye mwaka jana alikuwa kibarua kwa mwengine, anaweza mwaka huu kumwambia kibarua wake angojee mpaka mpunga uuzwe, na mpunga ukiuzwa akamwambia bei imeanguka. Hamchukii. Naye ana watoto. Ni kwamba tu, kati ya wote wanaomdai, huyu ndiye ambaye hana ndugu karibu wa kuja kumwulizia.

Zaidi ya ugonjwa kuna kifo. Watu wa dago walilijua jambo hili kuliko wanavyolijua wenye mikataba. Baharini na mitini watu hufa, na maiti haiwezi kungojea barua ifike kwao. Kuosha na kuvisha sanda na kuswalia ni wajibu wa jamii ya mahali pale, na wakiuacha wote hupata dhambi wote. Sheria ya dini haikuuliza marehemu alikuwa na haki ya kukaa au alikuja kwa msimu. Hii ni hoja ya ajabu ukiifikiri. Ina maana kwamba yule ambaye hai hakuwa wa mtu yeyote, akifa anakuwa wa kila mtu. Mwanafalsafa angeweza kuuliza kwa nini wajibu ungojee mpaka pumzi ikatike. Kama mji mzima unamiliki maiti yake, vipi homa yake iwe ya kwake peke yake?

Lakini hata kumzika mtu kunataka kitu kimoja ambacho msimu una tabia ya kukipoteza, nacho ni jina. Nani apelekewe khabari? Kijana aliyeandikwa katika daftari la mwenye shamba kwa jina moja tu, au kwa kabila, au kwa idadi ya ngwe, huzikwa vizuri na hupotea vilevile. Mama yake huko juu atangoja mvua ya kwanza, atangoja ya pili, kisha ataanza kusema na watu wanaoshuka bondeni wamwulizie.

Enzi za mabalozi wa nyumba kumi, kila mgeni aliyelala katika kijiji alitakiwa atolewe khabari kwa balozi. Utaratibu ule ulikuwa na jicho la polisi ndani yake, na wengi hawakusikitika ulipolegea. Hata hivyo ulikuwa na chembe ya dago. Mtu hakuweza kulala mahali bila ya mwengine kujua kwamba amelala. Vijiji vya bondeni vina ofisi, vina watendaji, na vina madaftari ya wakaazi, ambayo mchumaji na mpaliliaji wa msimu hawamo kwa kuwa si wakaazi. Kurasa chache zingewatosha: jina kamili, kijiji alikotoka, shamba analolifanyia kazi na jina la aliyemwita, na mwisho wa mstari jina la mtu mmoja wa kwao, mama au mke au kaka, pamoja na namba ya simu. Namba hii isingekuwa ya kumhesabia siku. Usiku homa inapopanda juu ya dungu na wenziwe wameamka, pangekuwa na mahali pa kupiga.